Gesi Ikiisha Songo Songo, Nani Atalipia Kufunga Visima?

Makamanda, najua wiki hii kila grupu linaongelea Katiba Mpya na Tume. Tuendelee kuongelea. Lakini naomba mnikopeshe dakika chache za bando kwa jambo ambalo kwenye majukwaa yetu hatuligusi kabisa, na lina tarehe. Leseni ya kuzalisha gesi Songo Songo ilitolewa Oktoba 2001 kwa miaka 25. Piga hesabu mwenyewe: Oktoba 2026.

Mabishano yote kuhusu tarehe hiyo yapo kwenye jambo moja: kampuni iongezewe muda au TPDC ichukue yenyewe. Ni swali zito, silidharau. Ila mimi nina jingine, la chini zaidi, chini kwenye sakafu ya bahari. Visima vile vikichoka, nani atavifunga? Kwa fedha ipi? Na nani atakwenda kukagua kwamba vimefungwa kweli, si kwamba watu wamepiga picha, wamekula posho na kurudi Dar?

Mtu wa mjini ataniuliza, Songo Songo si ni Kilwa, mkoa wa Lindi? Kibiti wapi na wapi? Mtu wa Nyamisati hawezi kuuliza hivyo. Mimi kwa upande wa mama ni mtu wa Mbwera, na huko kwetu wavuvi wanakwenda dago mpaka Songo Songo na Mafia kama wewe unavyokwenda Kariakoo. Bahari ni hiyohiyo. Kamba wanaouzwa kwa bei ya kutisha Dar wanakulia kwenye mikoko yetu. Bomba la gesi lenyewe linatembea kilomita 25 chini ya bahari hadi Somanga, kisha kilomita 207 nchi kavu hadi Ubungo, likivuka Mto Rufiji na kuikata Kibiti katikati. Mikoko ya delta, kama hekta 53,000, ndiyo mikubwa kuliko yote iliyo pamoja Afrika Mashariki, na tangu 2004 eneo zima la Rufiji, Mafia na Kilwa limeandikwa kwenye orodha ya Ramsar ya maeneo oevu yenye umuhimu kwa dunia. Kwa hiyo hatudandii treni ya watu.

Wengi tunadhani kisima cha gesi ni kama bomba la maji. Gesi imeisha, funga koki, ondoka. Hapana. Kisima ni tundu lililochorongwa kwenda chini maelfu ya mita, likapitishwa mabomba ya chuma, moja ndani ya jingine, na simenti ikasukumwa kati ya chuma na mwamba ili kitu kisipande pembeni. Ukiacha kuzalisha, presha ya chini haiendi likizo. Chuma kinaliwa na kutu, simenti inapata nyufa. Kama haikuzibwa sawasawa, gesi au maji chumvi ya chini kabisa yatatafuta njia ya kupanda, iwe leo au baada ya miaka 30, wakati kampuni iliyochoronga imeshabadilisha jina mara tatu.

Kukifunga kisima kwa kudumu ni kazi ya rigi na wataalamu. Kwanza wanamwaga tope zito la kutuliza presha. Wanatoa bomba la ndani. Wanaweka plagi ya simenti juu ya mwamba wenye gesi, wanasubiri ishike, wanaijaribu kwa presha. Wanaweka nyingine juu yake, kwa sababu kizuizi kimoja hakitoshi. Mwisho wanakata mabomba mita kadhaa chini ya sakafu ya bahari ili nyavu na nanga zisinase, na wanapima tena eneo lile. Ile hatua ya kujaribu plagi ndiyo roho ya kazi. Mwaka 2010, kwenye Ghuba ya Meksiko, kisima cha Macondo kilikuwa kinaandaliwa kufungwa kwa muda tu. Simenti haikuwa imeshika, majibu ya jaribio yakasomwa vibaya, rigi ikalipuka. Watu 11 walikufa na mafuta yalitoka kwa siku 87. Na hao ni Wamarekani, wenye vifaa vyote.

Sogea karibu, Nigeria. Novemba 2021, kule Nembe jimbo la Bayelsa, katikati ya mikoko kama ya kwetu, kisima ambacho hata hakikuwa kinazalisha kilianza kumwaga mafuta na gesi, na ilichukua zaidi ya mwezi kukizuia. Mwaka mmoja kabla yake, baharini pwani ya Ondo, kisima cha Ororo-1 kilichokuwa kimeachwa muda mrefu kililipuka, na moto wake ukawaka kwa miaka. Angalieni vizuri: vyote viwili vilikuwa visima ambavyo hakuna mtu alikuwa anapata hela kutoka kwake. Kisima kisichoingiza hela hakina mwenyewe.

Hapa lazima tuwe wakweli, maana tukitia chumvi tutapigwa kwa uongo wetu wenyewe. Gesi ya Songo Songo ni kavu, karibu yote ni methani. Kisima kikivuja hatutaona mafuta meusi kwenye mikoko kama Nembe. Tutaona mapovu baharini, hatari ya moto kwa mvuvi anayepita na karabai yake usiku, samaki kuhama, na methani kupanda hewani, gesi inayopasha dunia joto zaidi ya mara 80 ya hewa ya ukaa kwa kipimo cha miaka 20. Hilo linatosha. Hatuhitaji kuongeza.

Na si kwamba visima vyetu ni vipya. BP na Shell walichoronga Mafia, Unguja, Pemba na Mandawa tangu enzi ya mkoloni, miaka ya 1950 kuelekea 1960. AGIP ya Italia ikagundua gesi Songo Songo mwaka 1974, ikaona hailipi, ikaondoka. TPDC ikaendelea kuchoronga mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1980, na uzalishaji ukaanza 2004. Yaani baadhi ya vyuma vile vilikaa chini ya chumvi miaka 20 kabla ya kuanza kazi. Kilichofuata si siri: mabomba ya ndani ya visima kadhaa yalikutwa yameliwa na kutu, vikasimamishwa, na mwaka 2015 ikaletwa rigi ya baharini kuvitengeneza. Vilitengenezwa kwa sababu vilikuwa bado vina gesi ya kuuza. Sasa fikiria kutu ileile kwenye kisima kisicho na cha kuuza.

Kwenye kisiwa hichohicho kuna Kiliwani North. Kilianza kuzalisha 2016 kwa mbwembwe, na kufika 2018 presha ilikuwa imeshuka na gesi imekoma. Miaka miwili! Uhai wa mradi unaweza kuwa mfupi kuliko ubunge.

Tuje kwenye hela. Julai 2015, siku za mwisho za Bunge la Kumi, miswada mitatu ya mafuta na gesi ilipitishwa kwa hati ya dharura. Wabunge wa upinzani walipiga kelele kwamba mambo makubwa hivi hayapitishwi mbiombio, na baadhi wakafungiwa vikao. Walikuwa sahihi, na nasema hivyo bila kumung'unya maneno. Lakini cha ajabu ni kwamba ndani ya Sheria ya Petroli iliyotoka pale kuna jambo zuri kwetu: inataka uwepo mpango wa kusitisha shughuli na kuondoa miundombinu, na mfuko maalumu wa fedha za kazi hiyo. Mwenzake, sheria ya uwazi kwenye rasilimali ya mwaka huohuo, inataka mikataba iwekwe hadharani. PURA ikaundwa isimamie. Kwenye makaratasi tumekamilika.

Tatizo ni mkataba wa Songo Songo. Ni wa 2001, miaka 14 kabla ya sheria. Na katika mikataba ya namna hii ya kugawana uzalishaji, duniani kote, muda ukiisha mitambo na visima mara nyingi vinarudi kwa Serikali. Chawa watashangilia: mali imerudi kwa wananchi! Jamani, kisima kilichochoka si mali, ni deni. Ukikabidhiwa kisima bila kukabidhiwa fedha za kukifunga, umekabidhiwa bili. Hiyo bili TPDC haitaitoa mfukoni mwa mkurugenzi. Itatoka kwenye tozo za miamala yako.

Australia wameshaonja. Kampuni kubwa iliuza meli ya kuzalishia mafuta iitwayo Northern Endeavour, pamoja na visima vyake, kwa kampuni ndogo. Ndogo ikafilisika. Mwaka 2020 Serikali ikajikuta na meli yenye kutu na visima vya kufunga, mpaka ikabidi itunge tozo kwa wazalishaji wote wa baharini walipie. Uingereza wana kinga nyingine: sheria yao ya 1998 inaruhusu kumrudia hata aliyemiliki zamani akauza. Sisi tunajadili nani apewe leseni, hatujadili nani atafuatwa akishaondoka.

Kitu kinachoniuma zaidi ni nani anapewa taarifa. Kampuni mama ya mwendeshaji wa Songo Songo ipo kwenye soko la hisa Kanada, na mwenye hisa kule anasomewa hali ya visima kila robo mwaka. Mzee mwenye mtumbwi Songo Songo anayeviona kwa macho yake kila alfajiri hasomewi chochote. Halmashauri ya Kilwa inapata ushuru wa huduma gesi inapotoka. Ikikoma, ushuru unakoma siku hiyohiyo. Kisima kinabaki.

Kuna kamanda mmoja aliniambia hoja kama hii itatufanya tuonekane tunapinga gesi. Nampinga kwa heshima. Mfano upo Mnazi Bay: AGIP iligundua gesi pale 1982, ikakifunga kisima na kuondoka, na mwaka 2005 kampuni nyingine ikakirudia kikafanya kazi. Kufunga vizuri kunalinda hata rasilimali yenyewe. Isitoshe, kazi hii ina ajira: mabaharia, wazamiaji, mafundi wa kuchomelea, wapima sakafu ya bahari. Kwa nini vijana wa Kibiti na Kilwa wasianze kufundishwa VETA sasa, badala ya kuja kushangaa wageni siku ya mwisho?

Msimamo wangu, na napendekeza uwe wa baraza letu la vijana, ni huu. Leseni iongezwe, isiongezwe, apewe nani, pasiwe na saini yoyote kabla ya visima vyote vya eneo lile kukaguliwa na ripoti kuwekwa wazi kwa Kiswahili. PURA itoe daftari la kila kisima kuanzia Mafia hadi Kilwa: kipo wapi, kilichorongwa lini na nani, kimezibwa vipi, mara ya mwisho kimekaguliwa lini. Salio la mfuko wa kufungia visima litangazwe kila mwaka kama matokeo ya mitihani. Na mkaguzi asiwe TPDC, maana TPDC ina maslahi kwenye visima hivyohivyo, na mtu hajisahihishii mtihani wake.

Najua kwa nini Kibiti watu hawaulizi. Baada ya 2017 tulijifunza kunyamaza. Mwandishi Azory Gwanda alitoweka hapa Novemba mwaka ule na mpaka leo hajaonekana. Ndiyo maana simtumi mtu mmoja mmoja kwenda kuuliza. Mwishoni mwa miaka ya 1990, mradi mkubwa wa kufuga kamba ulipotaka kuchukua delta, wanakijiji walikwenda mahakamani kwa mamia, na mradi haukufika popote. Waliuliza pamoja.

Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu. Viongozi wa matawi ya Salale, Maparoni, Kiongoroni, Msala na Mbuchi, mkutano ujao ombeni ajenda hii iingie, hata kama mwenyekiti ni wa upande ule. Diwani aulizwe daftari la visima liko wapi, aulizwe na fedha za mfuko ziko benki gani. Hakikisheni swali na jibu lake vimeandikwa kwenye muhtasari, na mpate nakala yenye mhuri. Mkizipata, tumeni kwa katibu wa vijana wa wilaya, tuzikusanye zote kwenye barua moja ya kwenda PURA kabla ya Oktoba.