Paa haliwezi kungoja warithi wote

Sisi wenye nyumba za urithi Mji Mkongwe, Unguja, tunaoishi Maskati, Dubai au London, kila masika yakikaribia tunaulizana simuni: kibali cha kutengeneza kimetoka? Na jawabu ni lile lile, bado.

Sisemi kibali kifutwe. Mji ule umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na kila mtu akiachiwa apige simenti atakavyo, hautabakia mji. Ukuta wa mawe na chokaa hunyonya maji kisha ukayatoa. Ukiupaka simenti maji yanabaki ndani, nje unang'ara na ndani unamomonyoka. Mafundi wa zamani walilijua hilo bila ya kwenda chuo. Basi michoro ikaguliwe, na milango na baraza zisiguswe ovyo.

Kinachonikera ni kutengeneza na kujenga kutiwa kapu moja. Nyumba yetu ni ya marehemu babu, na warithi tumefika 20 na kitu, wengine hata hatujaonana. Tuliomba kubadilisha boriti 6 za juu na kuziba paa, basi. Tukatakiwa hati ya nyumba, karatasi za mirathi na saini ya kila mrithi, na aliye nje yake ipitie ubalozini. Kwa anayetaka kuuza, au kuigeuza nyumba hoteli, masharti hayo ni haki kabisa, ndiyo yanayowalinda mayatima na mashangazi zetu wasidhulumiwe. Lakini boriti? Nani anadhulumiwa kwa boriti?

Saini ya mwisho, ya binamu aliyeko Canada, ilichukua miezi 8. Masika yakapita juu ya paa bovu. Na boriti huanza kuoza kichwani, pale ilipoingia ukutani, mahali pasipoonekana. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib ilianguka, watu wawili wakafa, na lile ni jumba la serikali lililokuwa linatengenezwa. Nyumba ya kichochoroni ina nani wa kuitazama?

Iwepo ruhusa ya haraka ya kuokoa paa na ukuta. Aombe mrithi mmoja, asimamie fundi anayekubaliwa na ofisi, vifaa viwe boriti na chokaa, na jibu litoke kwa maandishi ndani ya wiki mbili. Iandikwe waziwazi kwamba ruhusa hiyo haimpi mwombaji umiliki wala fungu zaidi.

Na sisi huku tumwandikie wakala mtu mmoja wa ukoo, wazee wangali hai. Harusini tunakusanyika sote, mashaallah, pilau tunaingoja saa tatu. Kutia saini hakuna anayekosa nafasi.

Kwetu boriti zilishanunuliwa, zimelazwa uani tangu Januari. Mpangaji wa chini anaanikia nguo.