SKULI YA KISIWANI IMFUNDISHE MTOTO KISIWA CHAKE

Kila ifikapo tarehe 23 Septemba, wananchi wa Unguja na Pemba huikumbuka siku ile ya mwaka 1964, ambapo Rais wa Kwanza wa Zanzibar, Marehemu Mzee Abeid Amani Karume, alitangaza elimu bila malipo. Haikuwa imetimia hata miezi tisa tangu Mapinduzi ya Januari 12. Kwa tangazo lile mtoto wa mvuvi wa Nungwi na mtoto wa mchumaji karafuu wa Wete walipewa haki ya kukaa darasa moja na mtoto wa mwenye mali wa mjini. Mlango ukafunguliwa, na hapana tena awezaye kuufunga.

Lakini kufungua mlango ni jambo moja, na kilichomo ndani ya nyumba ni jambo jingine. Leo hatuna budi kuuliza: mtoto wetu akishamaliza darasa la sita, anatoka skuli na nini? Tunauliza hivi si kwa kubeza kazi iliyofanywa, bali kwa sababu Zanzibar katika miaka hii ya karibuni imeupitia upya mtaala wake, na neno linalosikika katika kila kikao ni umahiri. Neno hilo ni zuri. Wajibu wetu ni kuhakikisha kuwa halibakii katika majalada ya wizara, bali linafika kwenye ubao wa Makunduchi na wa Micheweni.

Adui wa kwanza wa mtaala mpana ni mtihani mwembamba. Somo lisiloulizwa katika mtihani wa mwisho, hata likiandikwa kwa wino wa dhahabu katika ratiba, halifundishwi. Kipindi cha michezo hugeuzwa kipindi cha marudio ya hesabati. Kipindi cha sanaa humezwa na Kiingereza. Mwalimu hatumlaumu, kwani yeye hupimwa kwa idadi ya waliofaulu, naye ana watoto wengi mbele yake na vitabu vichache mkononi. Wa kulaumiwa ni sisi watu wazima, tuliokubali kuwa mtoto ni karatasi ya majibu.

Wahenga walisema, mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Je, mwana wa kisiwa asipoijua bahari atafanya nini? Tutazame jambo moja tu, nalo ni kujaa na kupwa kwa maji. Maji yakijaa leo saa nane mchana, kesho yatajaa karibu na saa tisa, kwa kuwa kila siku huchelewa kwa wastani wa dakika 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua. Katikati yake huwa maji mafu. Mwalimu wa Chwaka au wa Jambiani anaweza kuwapeleka watoto pwani, akasimika mti wenye alama, nao wakaandika kimo cha maji kila siku kwa muda wa mwezi mmoja. Watakuwa wamefanya hesabati kwa kupima na kuchora, wamesoma sayansi kwa kuuelewa mwezi na mvutano wake, na wamejifunza Kiswahili kwa kuandika walichokiona. Tena watakuwa wameielewa kazi ya mama zao, ambao tangu kilimo cha mwani kilipoanza visiwani mwishoni mwa miaka ya 1980 huenda kufunga kamba na vigingi vyao kwa kufuata kupwa kwa bamvua. Masomo matatu yamesomwa kwa mti mmoja, wala hapakuhitajika mkopo wa nje.

Lipo na jambo la bahari lililo zito zaidi. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander ilizama ikielekea Pemba. Mwaka haujatimia, tarehe 18 Julai 2012, meli ya Skagit ikazama karibu na Chumbe. Karibu hapana kijiji katika visiwa hivi ambacho hakikuingiwa na msiba. Hatusemi kuwa kujua kuogelea kungewaokoa wote. Kukipakia chombo kupita kiasi ni kosa la watu wazima, na dawa yake ni sheria na usimamizi. Lakini tunasema kwamba ni aibu kwa nchi iliyozungukwa na maji kila upande kumfundisha mtoto majina ya mito ya mbali, na kumwacha, hasa mtoto wa kike, bila ya kujua namna ya kuelea akingoja kuokolewa. Kuogelea, kuvaa jaketi la kuokolea na kumhudumia aliyekunywa maji viwe ni sehemu ya elimu ya msingi, kwa walimu waliofunzwa, mahali palipo salama, na kwa mavazi yanayolinda stara yetu. Mzazi mwenye wasiwasi aelezwe kwa upole, asipuuzwe.

Tukitoka baharini tuje kwenye mikono. Mwalimu Julius Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alitaka kila skuli iwe pia ni shamba, na kazi iwe ni sehemu ya kujifunza. Wazo lilikuwa sahihi. Utekelezaji mara nyingi ulikuwa kombo. Wengi wetu wa rika hili tunakumbuka jembe likikabidhiwa mtoto aliyechelewa au aliyekosa jibu. Kazi ikawa adhabu, na mtoto akajifunza kuichukia. Kosa hilo tusilirudie. Mafunzo ya amali katika skuli za msingi yawe na akili ndani yake: mtoto aoteshe mche wa karafuu na aandike siku ulipochipua, ajue kwa nini mikoko ikikatwa samaki hupungua, ashike randa na patasi mbele ya fundi, apate kufahamu kuwa milango ya Mji Mkongwe, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, ilichongwa kwa hesabu na si kwa kubahatisha.

Kuhusu lugha, tunasema waziwazi. Sera ya Elimu ya mwaka 2006 iliamua kuwa hesabati na sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Hatuna ugomvi na Kiingereza. Mtoto akijue, na akijue vizuri, na Kiarabu pia. Lakini asiyeweza kueleza jambo kwa lugha aliyonyonya kwa mamake, akitiwa katika lugha ya pili atakariri tu. Kiunguja ndicho kilichofanywa msingi wa Kiswahili Sanifu. Itakuwa ajabu iwapo hapa kilipotoka ndipo kitakapodharauliwa. Wala mtoto wa Tumbatu, wa Makunduchi au wa Pemba asichekwe kwa lafudhi ya kwao; hiyo ni hazina ya somo.

Na tabia njema je? Historia inatufundisha. Wakati wa ukoloni wazazi wengi wa mashamba walikataa kupeleka watoto skuli, kwa kuwa hazikuwa na Kurani. Wakoloni wenyewe walilazimika kuiingiza pamoja na Kiarabu katika ratiba, ndipo madarasa yakaanza kujaa. Fundisho lake ni kuwa mtaala usiobeba kile ambacho watu wanakithamini, watu hawataubeba. Sisi tuliopita chuoni alfajiri na skuli asubuhi hatukuona mgongano. Tuliona mikono miwili ya mzazi mmoja. Basi mwalimu wa skuli na mwalimu wa chuo wajuane na washauriane, ili mtoto asichoshwe na saa za kutwa nzima zisizo na nafasi ya kucheza.

Wapo watakaosema kuwa ratiba imejaa. Ni kweli, nasi hatuombi masomo mapya kumi. Tunaomba masomo yaliyopo yakutane, kama yalivyokutana kwenye ule mti wa pwani.

Kwa hiyo tunatoa wito wa mambo matatu. Kwanza, Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali ihakikishe kuwa tathmini ya mwisho inahesabu pia kazi za vitendo za mwaka mzima, kwani kisichopimwa hakifundishwi. Pili, mwalimu apewe mafunzo na vifaa kabla ya kupewa lawama. Tatu, kamati za skuli na masheha wawaalike wavuvi, wakulima wa mwani, mafundi na wazee wajuzi wa historia waingie darasani, nao wapewe heshima ya ualimu.

Elimu ya utotoni ni kama nakshi juu ya jiwe. Jiwe tunalo, na mlango tulifunguliwa mwaka 1964. Anayepaswa sasa kushika patasi ni sisi, na mtoto wa darasa la kwanza hawezi kutungoja. Miaka yake sita imekwisha kuanza kuhesabika.