Bei ya tripu ya mchanga haijumuishi tuta la mchicha

KATIKA viunga vya Dar es Salaam kila kitu kina bei. Tripu ya mchanga ina bei, tuta la mchicha lina bei, na kiwanja ndiyo usiseme. Kisichokuwa na bei ni ukingo wa mto, na ndiyo maana unaliwa kila masika bila mtu kuulizwa.

Hali hiyo inaonekana katika mabonde ya Mzinga na Kizinga upande wa Temeke, na katika mito ya Mbezi, Tegeta na Mpiji upande wa Kinondoni na Ubungo. Mchanga unapochotwa mtoni, kina huongezeka na kingo hubaki zimesimama wima. Mvua ikija, maji hupita kwa kasi, hula ukingo kwa chini, na sehemu ya juu huporomoka pamoja na matembele, bamia na mipapai iliyokuwa juu yake. Mchanga unaosombwa huenda kufukia bustani ya mkulima mwingine huko chini.

Wengine huwaona wakulima hawa kama watu wa kubangaiza tu. Hilo si kweli. Mchicha huwa tayari kwa wiki tatu hadi nne, hivyo mwenye matuta machache huuza karibu kila wiki na kulipa ada ya mtoto bila kukopa. Anayepoteza ukingo amepoteza mtaji wake wote.

Lawama si za wachimba mchanga peke yao. Kwenye vilima vya Goba na Madale, viwanja husafishwa kwa greda mpaka udongo unabaki mtupu, kisha hujengwa nyumba yenye paa kubwa la bati na ua wa zege. Maji yote hutupwa barabarani. Barabara inageuka korongo, na korongo linaishia shambani kwa mtu.

Hasara yenyewe huanza kimya kimya. Udongo wa juu wenye unene wa milimita moja tu ukisombwa kwenye ekari moja, ni takriban mita za ujazo nne zilizoondoka, yaani karibu tripu ya lori dogo. Mwenye shamba hauoni upungufu huo kwa macho. Anachoona ni mboga kudumaa, na anakimbilia dukani kununua mbolea ambayo nayo itasombwa na mvua inayofuata.

Jiji lilishapata somo hili ufukweni. Mmomonyoko wa Kunduchi, ulioharibu hoteli ya Africana, ulihusishwa na wataalamu na uchimbaji wa mchanga katika mito inayoupa ufukwe huo mchanga wake. Hoteli ikianguka, taarifa huandikwa. Matuta ya kina mama yakianguka, hakuna anayeandika.

Sheria zipo. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 inautambua mchanga kuwa madini ya ujenzi, hivyo anayeuchimba kwa biashara anahitaji leseni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 nayo inazuia ndani ya mita 60 kutoka mtoni shughuli za kudumu au zinazoweza kuathiri uhifadhi wa eneo hilo. Tatizo ni namna kifungu hiki cha pili kinavyosomwa. Mkulima ni rahisi kumkamata, kwa kuwa yupo bondeni mchana kutwa na jembe lake. Lori linaweza kuja usiku na kuondoka kabla ya adhana ya alfajiri.

Ni kweli kwamba jembe linalofika hadi kwenye maji nalo linabomoa ukingo, na mkulima wa namna hiyo hana utetezi. Lakini kumfukuza kila mwenye bustani ni kuondoa macho pekee yanayoulinda mto bure. Anayechimba usiku hupenda bonde lisilo na mtu.

Manispaa zingefanya busara kuwapa wakulima vibali vya msimu kwa sharti moja linalopimika: mita kadhaa za ukingo zisilimwe, zipandwe mabingobingo au mianzi. Akilima ndani ya mstari huo, kibali kinafutwa. Mizizi itashika udongo, na mabingobingo yenyewe ni biashara, kwani wafugaji wa ng'ombe wa maziwa mjini wanahitaji majani.

Kwa upande wa mchanga, leseni ikaguliwe pale lori linapopakia, si kwenye kizuizi cha barabarani ambako dereva anaweza kusema ametoka popote. Mchanga wenye leseni utapanda bei kidogo, na mjenzi atalalamika. Hata sasa gharama hiyo ipo, ila inalipwa na asiyejenga.

Vipando vya mabingobingo havihitaji mfadhili, ni vipande vya shina tu. Vikichomekwa mvua za vuli zinapoanza Oktoba, huwa vimeshika mizizi kabla masika hayajaingia mwezi Machi.