Mwekezaji asamehewa, mpangaji akamuliwa!

KILA mwezi ukinunua LUKU, shilingi 1,500 zinakatwa kabla hujaona hata uniti moja. Hiyo ni kodi ya majengo. Jengo si lako, umepanga chumba Manzese au Mbagala, lakini kodi yake unailipa wewe unayenunua umeme. Ukiruka miezi mitatu, deni linakusubiri.

Mtindo huu ulianza Agosti 2021 kwa shilingi 1,000. Mwaka 2023 wakubwa wakaupandisha: nyumba ya kawaida sasa ni 18,000 kwa mwaka. Na ile nyumba ya chini kule Masaki, yenye bustani na geti la umeme, nayo ni 'ya kawaida'. Inalipa 18,000 zile zile! Eti mpangaji amkate mwenye nyumba kwenye pango. Nani ana ubavu huo?

Sasa tuwatazame waliosamehewa. Sheria ya EPZ ya mwaka 2002 iliwapa wawekezaji wa bidhaa za kuuza nje msamaha wa kodi ya mapato kwa miaka 10. Haikuishia hapo. Bidhaa walizozalisha humo zikasamehewa pia kodi na ushuru wote wa halmashauri kwa miaka 10. Zawadi ilitoka Serikali Kuu, mfuko uliotobolewa ni wa halmashauri.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Viwanda tunavitaka. Kijana anayeshinda kijiweni anataka ajira, hataki hotuba. Lakini barabara, mitaro na taka za mtaa hazisamehewi. Msamaha hauondoi gharama, unaihamisha tu. Asipolipa mwenye kiwanda, atalipa machinga, mama lishe na mpangaji.

Halmashauri ingeweza kuziba pengo kwa kodi ya majengo. Nayo wakaichukua! Baada ya uchaguzi wa 2015 wapinzani walitwaa umeya wa Ilala na Kinondoni. Mwaka 2016 Bunge likaikabidhi TRA kazi ya kukusanya kodi hiyo. Mwaka 2017 ikafuata kodi ya mabango. Wakasema ni kuongeza ufanisi. Sisi tunasema ni kumnyang'anya mtu jembe, kisha kumcheka kwamba halimi.

Tunadai mambo matatu. Kwanza, kila msamaha uwekwe wazi: jina la kampuni, kiasi cha fedha na mwaka wa kwisha, ubandikwe kwenye ofisi ya kila kata. Pili, Serikali Kuu ikisamehe kodi ya halmashauri, iifidie halmashauri hiyo. Tatu, kodi ya jengo ilipwe na mwenye jengo, kwa thamani ya jengo lake.

Vijana, diwani akija kuomba kura, mwulizeni: mwekezaji gani amesamehewa katika kata yetu, na nani anamlipia? Asipojibu, mwonyesheni risiti ya LUKU. Jibu limo humo.