MGENI APOKEWE, MWENYEJI AFUNGWE?

Wako wenye visiwa wanaonadi fukwe zao kwa watalii wa kila namna, na fedha ya mgeni hawaiulizi imelala na nani. Twawauliza mabwana hao: na mwananchi je? Huko Morisi kifungu cha 250 cha sheria ya mwaka 1838, kilichowekwa chini ya bendera ya Kiingereza, kilimtisha mwanamume apendaye mwanamume mwenziwe kwa jela ya hadi miaka mitano, hata Mahakama Kuu ilipokibatilisha tarehe 4 Oktoba 2023. Shelisheli walikwisha kufuta chao mwaka 2016. Wasemao kwamba uhuru huo ni wa Kizungu na wasome tena: cha Kizungu kilikuwa kile kifungu! Na Maldivi, yenye visiwa vizima vya mahoteli, sheria ya namna hiyo ingalipo. Wenye mahoteli yale watanyamaza mpaka lini?