Wazee wa Button1_Click, Tatizo Si WPF

Nimekuwa kimya siku nyingi, kazi zimenibana, lakini leo lazima niseme.

Wiki jana rafiki yangu, mwandishi wa programu za Windows tangu enzi za Visual Basic 6, alinipigia simu kulalamika kuhusu WPF. Ati ni takataka. Ati kubadilisha neno moja kwenye skrini kunamtaka mistari kumi. Nikamwomba anitumie msimbo wake. Nilipoufungua nikacheka, kisha nikaacha kucheka, maana niliyaona makosa yangu mwenyewe.

Vitu vyote alikuwa amevitia ndani ya Canvas, kila kisanduku kimepigiliwa mahali pake pikseli kwa pikseli. Kila kitufe kina Click yake, na ndani ya Click hiyo hiyo mna SQL, hesabu ya VAT na amri za kubadilisha rangi ya maandishi. Yaani ameandika Visual Basic 6 kwa lugha ya C#, halafu analaumu WPF!

Jamani, WPF ilitoka mwaka wa 2006 pamoja na .NET 3.0. Si mtoto tena. Sisi ndio tuliokataa kuisoma.

Katika Windows Forms, jinsi wengi wetu tulivyoizoea, wewe ni hamali. Unatoa bei kwenye hifadhidata, unaibeba hadi kwenye kisanduku, mteja akiibadilisha unaibeba tena kuirudisha. WPF inakuambia utue mzigo. Unaandika darasa la kawaida lenye sifa ya Bei, darasa hilo linatoa taarifa kupitia INotifyPropertyChanged kila Bei inapobadilika, na XAML inasema tu kwamba kisanduku hiki kinaitazama Bei. Jumla ikibadilika, sehemu zote za skrini zinazoitazama hujibadilisha zenyewe. Hesabu imekaa mbali na dirisha, kwa hivyo unaweza kuijaribu bila kufungua dirisha hata moja.

Mwaambie hivi mzee wa kazi atakujibu, "Mbona yangu inafanya kazi?"

Na mimi nilikuwa nikisema hivyo hivyo. Nilikuwa na programu ya Windows Forms katika duka moja la vifaa vya ujenzi. Tarehe 1 Aprili 2020 VAT ikashuka kutoka asilimia 16 hadi 14. Mimi nilikuwa nimeandika 16 kwa mkono ndani ya vitufe kumi na kimoja. Nikabadilisha kumi. Kile kilichobaki kilikuwa cha ankara za wateja wa mkopo, na kwa wiki mbili mwenye duka akawa anawatoza watu kodi isiyokuwepo. Aliyepigiwa kelele na wateja ni yeye, si mimi. Januari 2021 ikarudi 16, nikaanza kuwinda upya. Huo ndio uzoefu niliokuwa nikijivunia.

Sasa, hasira ya wazee ina sababu, sikatai. Visual Basic 6 ilipoachwa na .NET kuingia mwaka wa 2002, Integer ya biti 16 iligeuka kuwa ya biti 32, na kitu ulichozoea kifutwe papo hapo ukikiachilia kikawa kinamsubiri mfagiaji wa kumbukumbu aje anapotaka. Ukaja Silverlight mwaka wa 2007, tukaambiwa ndiyo kesho yetu. Nilikesha nikiisoma. Msaada wake ulikatwa Oktoba 2021. Xamarin nayo ikafuata Mei 2024, watu wakaelekezwa MAUI. Mtu akichoka simlaumu. (Na nyinyi vijana mnaotucheka, zamu yenu inakuja.)

Lakini tazama kilichobaki. Silverlight, UWP, Xamarin.Forms, MAUI, zote zilitumia XAML ya aina fulani na zote zilifunganisha data na skrini kwa wazo lile lile. Silverlight yangu imekufa, ila nilichojifunza ndani yake ndicho kilichonifungulia WPF. Anayekataa wazo kwa sababu amechoshwa na majina anajinyima bure.

Wala simwambii mtu abomoe programu inayofanya kazi. Windows Forms ipo hai, ililetwa kwenye .NET Core 3.0 mwaka wa 2019 na bado inasonga. Hata humo unaweza kutoa hesabu ndani ya kitufe ukaiweka kwenye darasa lake. Ninachokataa ni mtu kufungua mradi mpya wa WPF leo, akaandika kama mwaka wa 1998, halafu akamwambia mteja kuwa teknolojia ndiyo mbovu.

Rafiki yangu nimempa kazi moja tu: achukue fomu yake ya ankara, aandike darasa moja la Ankara, afute kila mstari unaogusa kisanduku kwa jina. Amenuna, lakini ameanza. Mimi pia nina fomu ya stoo yenye kitufe cha mistari 1,400. Jumamosi naifungua.