Lilibet Diana: Jina lilizua ugomvi, lakini suala zito lilikuwa cheo

Mwaka 2021, mtoto hakuwa amemaliza hata wiki mbili duniani, na tayari mawakili walikuwa wameshaandika barua kwa sababu ya jina lake.

Lilibet Diana Mountbatten-Windsor, mtoto wa pili wa Mwanamfalme Harry na mkewe Meghan, alizaliwa Ijumaa, Juni 4, 2021, katika hospitali moja mjini Santa Barbara, California. Habari zilitangazwa Jumapili. Kufikia Jumatano, pongezi zilikuwa zimegeuka malumbano.

Kilichowasha moto ni ripoti ya BBC iliyonukuu chanzo kutoka Kasri la Buckingham kikisema Malkia Elizabeth hakuulizwa kuhusu jina hilo. Msemaji wa Harry akajibu kwamba bibi yake ndiye mwanafamilia wa kwanza aliyempigia simu, na kama asingeafiki, jina lisingetumika. Mawakili wao nao wakaviandikia vyombo vya habari kwamba madai hayo ni ya uongo na yanawachafua.

Mitandaoni watu wakagawanyika pande mbili. Upande mmoja unasema: hawa wameihama familia, wameisema vibaya mbele ya dunia nzima, halafu wanachukua jina la ndani kabisa la Malkia. Upande wa pili unajibu: hata mtoto angeitwa nani, Meghan angetafutiwa kosa tu.

Ngoja kwanza. Katika ugomvi huu kuna mambo mawili yamechanganywa, jina na cheo. Jina hutolewa na wazazi. Cheo kinatokana na karatasi yenye umri wa zaidi ya miaka 100. Na hicho cha pili ndicho kitakachoamua mengi kuhusu maisha ya huyu binti.

Jina la nyumbani

Lilibet halikuwa jina rasmi la Malkia. Alipokuwa mdogo alishindwa kutamka "Elizabeth", likawa linatoka "Lilibet". Babu yake, Mfalme George wa Tano, akawa anamwita hivyo kwa kumwigiza, na jina likabaki kwa watu wa ndani. Mumewe, Prince Philip, alilitumia. Mwaka 2002, mama yake Malkia alipofariki, kadi iliyowekwa juu ya jeneza ilikuwa na sahihi hiyo: Lilibet.

Yaani ni lile jina unaloitwa nyumbani, ambalo mtu wa nje akikuita nalo unageuka kumtazama mara mbili.

Halafu kuna suala la wakati. Philip alifariki Aprili 9, 2021, akiwa na miaka 99. Picha ya Malkia ameketi peke yake kanisani, amevaa barakoa nyeusi, ilizunguka dunia. Walikuwepo Waingereza walioona kwamba jina hilo limeondoka na mtu aliyelitamka kwa miaka mingi kuliko wote, na kwamba miezi miwili ilikuwa mapema mno kulipa mtu mwingine. Hisia hiyo inaeleweka, na si lazima iwe chuki.

Lakini hoja hiyo hiyo ina upande wa pili. Majina yote mawili yametoka kwa Harry. Lilibet ni la bibi yake. Diana ni la mama yake, aliyefariki Paris mwaka 1997. Doria Ragland, mama mzazi wa Meghan, hakupata wajina hapo. Ukitaka ushahidi kwamba wawili hawa wanaidharau familia ya kifalme, cheti cha kuzaliwa cha Lilibet hakitakusaidia sana.

Mbona wengine walipita kimya?

Mwaka 2015, Mwanamfalme William na mkewe Kate walimpa binti yao jina la Charlotte Elizabeth Diana. Bibi mzaa baba na mama wa babu, wote wamo, kama ilivyo kwa Lilibet. Halikuzuka sakata. Ni kweli Elizabeth ni jina rasmi na Lilibet ni la utani, na tofauti hiyo ina maana yake. Ila haitoshi kueleza kelele zote hizi.

Mwaka 2021 pekee Malkia alikuwa amepata vitukuu wengine wawili kabla ya Lilibet. Februari alizaliwa August Philip Hawke, mtoto wa Eugenie. Machi akazaliwa Lucas Philip, mtoto wa Zara Tindall. Wote wamepewa jina la Philip, na wote hawana cheo. Habari zao zilikuwa za siku moja, watu wakapongeza na kuendelea na shughuli zao.

Kwa hiyo upande unaosema kuna kitu kingine hapa haubuni kutoka hewani. Wanakumbuka Mei 2019, alipozaliwa Archie, kaka yake Lilibet. Mtangazaji wa redio Danny Baker aliweka Twitter picha ya wanandoa wakiwa na sokwe aliyevalishwa nguo, na maneno kwamba mtoto wa kifalme anatoka hospitali. Baker aliomba radhi, akasema hakukusudia ubaguzi wa rangi, lakini BBC ilimfukuza kazi. Mtoto alikuwa na siku chache tu, na mama yake mzazi wa Meghan ni Mmarekani mweusi. Baada ya hapo, ni vigumu kumwambia mtu asiitazame kila habari ya watoto hawa kwa jicho la pili.

Kwa nini hakuwa binti mfalme?

Sasa tuje kwenye cheo, maana hapa ndipo upotoshaji ulipo mwingi.

Mwaka 1917, katikati ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Mfalme George wa Tano alikuwa anapanga upya nyumba yake. Mwaka huo huo alibadilisha jina la ukoo kutoka lile la Kijerumani, Saxe-Coburg na Gotha, kuwa Windsor, kwa sababu Waingereza walikuwa wanapigana na Ujerumani. Novemba akatoa hati ya kupunguza idadi ya wanaoitwa mwanamfalme na binti mfalme.

Kanuni yenyewe ni hii. Watoto wa mtawala wanapata. Wajukuu wake wanapata, ila wale wa watoto wake wa kiume tu. Vitukuu hawapati, isipokuwa mmoja: mtoto mkubwa wa kiume wa mtoto mkubwa wa kiume wa Prince of Wales, ambaye mwaka 2021 alikuwa Charles.

Archie na Lilibet ni vitukuu wa Malkia. Kwa hati hiyo, mwaka 2021 hawakuwa na haki ya cheo hicho. Hakuna aliyewanyang'anya. Hii ndiyo sehemu ambayo wafuasi wengi wa Meghan wanairuka.

Lakini wapinzani wake nao wana sehemu wanayoiruka. Kwa kanuni hiyo hiyo, kati ya watoto watatu wa William, ni George peke yake angekuwa mwanamfalme. Charlotte na Louis wasingepata. Wamepata kwa sababu mwishoni mwa mwaka 2012, Kate akiwa na mimba ya kwanza, Malkia alitoa hati mpya iliyowajumuisha watoto wote wa William. Sababu ilikuwepo: sheria ya urithi ilikuwa inabadilishwa ili msichana akizaliwa wa kwanza aweze kuwa malkia, na ingekuwa ajabu malkia mtarajiwa kukosa cheo ambacho mdogo wake wa kiume anacho.

Hata hivyo, maana yake ni kwamba kanuni ya 1917 ilishawahi kupanuliwa kwa sahihi moja. Ingeweza kupanuliwa tena Archie alipozaliwa. Haikupanuliwa.

Alichokisema Meghan

Kwenye mahojiano na Oprah Winfrey yaliyorushwa Machi 7, 2021, Meghan aliliunganisha suala la cheo na ulinzi wa mtoto, na akasema kulikuwa na mazungumzo kuhusu rangi ya ngozi ya Archie ingekuwa nyeusi kiasi gani. Siku mbili baadaye Kasri lilijibu kwamba suala la ubaguzi linachukuliwa kwa uzito, kwamba kumbukumbu zinaweza kutofautiana, na kwamba familia italishughulikia faraghani.

Kuhusu ulinzi, hoja yake ina tundu. Beatrice na Eugenie ni mabinti wafalme tangu kuzaliwa, lakini hawana ulinzi wa kudumu wa polisi unaolipiwa na serikali. Cheo peke yake hakikuletei askari mlangoni.

Lakini Meghan alisema pia jambo jingine lililopotea kwenye kelele: kwamba kulikuwa na mpango wa kubadilisha utaratibu ili Archie asiwe mwanamfalme hata huko mbele. Hilo ndilo lililokuwa la kuangaliwa, kwa sababu liliweza kupimwa.

Kipimo chenyewe

Charles alipokuwa mfalme mwaka 2022, Archie na Lilibet hawakuwa tena vitukuu wa mtawala. Walikuwa wajukuu wake, kupitia mtoto wa kiume. Kwa karatasi ile ile ya 1917 walipata haki ya kuitwa mwanamfalme na binti mfalme siku hiyo hiyo, bila sherehe na bila mtu kutia sahihi yoyote. Wazazi wangeweza kuamua wasikitumie cheo hicho, kama walivyofanya Mwanamfalme Edward na mkewe Sophie kwa watoto wao Louise na James. Huo ungekuwa uamuzi wa wazazi.

Ila ili wazuiwe, ingebidi mfalme mwenyewe atoe hati mpya. Imeripotiwa kwa miaka mingi kwamba Charles anataka familia ya kifalme yenye watu wachache wa kazi rasmi, na hoja hiyo ina mantiki yake kwa taasisi inayotumia fedha za umma. Lakini kama hati hiyo ingetoka, wa kwanza kuguswa wangekuwa watoto wawili wa Meghan, na hakuna maelezo ya kubana matumizi ambayo yangewatosheleza watu waliosikiliza yale mahojiano. Kama isingetoka, dai kwamba watoto hawa walikuwa wanatengwa kwa cheo lingepungua nguvu sana.

Ndiyo maana ugomvi wa nani alipigiwa simu kuhusu jina ni mdogo kuliko unavyoonekana. Yaliyosemwa kwenye simu ile waliyajua Harry na bibi yake, na sisi wengine tutabishana bila kufika popote. Hati ya kifalme, kwa upande wake, inatangazwa hadharani. Kila mtu anaweza kuisoma.

Na kuna jambo moja la kushangaza kidogo. George wa Tano, aliyemwigiza mjukuu wake mpaka "Lilibet" likawa jina, ndiye huyo huyo aliyetoa hati iliyomfanya Lilibet wa leo asiitwe binti mfalme alipozaliwa. Na ni hati yake hiyo hiyo iliyompa haki ya cheo Charles alipokuwa mfalme.

Mwaka 2021 alikuwa wa nane kwenye orodha ya kurithi kiti cha ufalme, alikuwa na kaka wa miaka miwili, na nyumbani wanamwita Lili.